Ungo wa Satelaiti Nao Hupimwa

Msafiri apandaye kutoka Kigoma mjini kuelekea Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, huona migomba na mibuni pande zote mbili za barabara, na juu ya mapaa ya mabati huona nyungo za satelaiti. Akiwa mdadisi atagundua jambo la kumshangaza. Katika nyumba moja yenye nyungo mbili, mmoja umeelekezwa magharibi na mwingine umeinuliwa karibu kutazama utosini. Kila ungo umeelekezwa kwenye satelaiti yake, na aliyeufunga hakuwa na uhuru wa kuchagua upande aupendao.

Katika nyanda hizi za Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, watu wanafahamu vyema maana ya kipimo. Mkulima apelekaye kahawa yake kwenye chama cha ushirika huitazama mizani kwa makini kuliko anavyomtazama karani. Mizani ikikosea, jasho la mwaka mzima hupotea kidogo kidogo bila kelele. Ndiyo sababu serikali imeweka wakaguzi wa vipimo, nao huja na mawe ambayo uzito wake unajulikana kwa hakika, wakayaweka juu ya mizani na kuona kama inasema kweli.

Ungo wa satelaiti nao ni chombo cha kukusanya na kugawa kitu chenye kiasi, yaani nguvu ya mawimbi ya redio. Je, ungo hupimwa kwa jiwe gani? Katika makala haya tutaeleza namna kazi hiyo ilivyokuwa ikifanywa zamani, na jinsi ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo wengine huziita droni na wengine ndege nyuki, zilivyoanza kutumika kama jiwe la mizani linaloruka.

Kazi ya ungo

Satelaiti nyingi za televisheni na mawasiliano huzunguka juu ya ikweta, kwenye mwinuko wa kilometa zipatazo 35,800. Katika mwinuko huo satelaiti humaliza mzunguko mmoja kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha mara moja, kwa hiyo huonekana kama imesimama mahali pamoja. Wazo hilo lilielezwa na Mwingereza Arthur C. Clarke mwaka 1945, na mwaka 1965 satelaiti ya kwanza ya kibiashara ya aina hiyo, iliyojulikana kwa jina la Early Bird, ilianza kazi.

Buhigwe ipo takriban nyuzi 4.5 kusini mwa ikweta na nyuzi 30 mashariki. Tuchukue satelaiti iliyo juu ya nyuzi 7 mashariki, mahali ambapo nyungo nyingi za televisheni nchini zimeelekezwa. Kwa hesabu za pembetatu, mwanafunzi anaweza kuonyesha kwamba kutoka Buhigwe satelaiti hiyo ipo upande wa magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo, kwenye pembe ya nyuzi 63 hivi kutoka upeo wa macho, na umbali wake ni kilometa zipatazo 36,400. Satelaiti iliyo juu ya nyuzi 36 mashariki, kwa upande wake, huonekana kwenye pembe ya nyuzi 81, karibu utosini. Hiyo ndiyo siri ya nyungo mbili za nyumba moja.

Mawimbi yanayofika kutoka umbali huo ni dhaifu mno. Ungo huyakusanya na kuyaelekeza kwenye kipokezi kilicho mbele yake, kama vile kioo cha kurunzi kikusanyavyo mwanga wa balbu na kuutoa ukiwa mwale mmoja. Mwale huo huwa mwembamba zaidi kadiri ungo unavyokuwa mpana na kadiri wimbi linavyokuwa fupi. Kanuni rahisi ya makadirio ni hii: upana wa mwale kwa nyuzi ni 70 mara urefu wa wimbi, gawanya kwa kipenyo cha ungo.

Hebu tuchukue ungo wa kipenyo cha meta 1.8, wa aina inayoweza kuonekana kwenye shule, hospitali au ofisi iliyo mbali na nyaya za mawasiliano. Ungo huo haupokei tu, bali pia hutuma mawimbi kwenda juu, tuseme kwa masafa ya gigahezi 14, yaani mitetemo bilioni 14 kwa kila sekunde. Urefu wa wimbi hapo ni sentimita 2.1 hivi. Mwale wake basi una upana wa nyuzi 0.8 tu. Katikati ya mwale huo nguvu hukuzwa takriban mara 42,000 kuliko ambavyo ingekuwa kama ingetawanywa sawasawa pande zote.

Lakini hakuna kurunzi isiyotoa mwanga hafifu pembeni mwa mwale wake. Ungo nao una mwale mkuu mmoja, na kuuzunguka mna miale midogo ya pembeni. Mchoro unaoonyesha nguvu ya ungo katika kila upande, mwale mkuu pamoja na ile ya pembeni, ndio mtaalamu anaoutafuta anaposema kwamba anaupima ungo.

Kosa dogo, hasara kubwa

Miaka michache iliyopita niliitembelea shule moja ya sekondari katika nyanda za juu za Kigoma. Shule hiyo ilikuwa na ungo wa meta 1.8 kwa ajili ya intaneti, nao ulikuwa umefanya kazi vizuri mwaka wa kwanza. Baada ya masika, huduma ikawa ya kusuasua. Mkuu wa shule aliendelea kulipa ada kila mwezi. Wengine walilaumu mawingu, wengine walilaumu kompyuta, na mwalimu mmoja wa fizikia aliniambia kwa huzuni kwamba wanafunzi wake walikwisha kuamini kuwa intaneti ni kitu cha mijini.

Kosa lilikuwa kwenye nguzo. Udongo uliolowa maji ulilegea, nguzo ya meta 2 ikaegemea upande, na ncha yake ikasogea kama sentimita moja na nusu. Kwa macho nguzo ilionekana imesimama wima. Lakini kusogea sentimita 1.4 kwenye ncha ya nguzo ya meta 2 ni sawa na kuinama nyuzi 0.4, na kwa mwale wenye upana wa nyuzi 0.8 maana yake ni kupoteza karibu nusu ya nguvu inayotumwa kwenye satelaiti. Fundi alipouelekeza ungo upya na kuishindilia nguzo kwa zege, huduma ilirejea siku ile ile.

Hasara haikuishia shuleni pale. Nguvu ambayo haikwenda kwenye satelaiti iliyokusudiwa haikutoweka, ilikwenda kwingine. Satelaiti katika mzunguko ule zimepangwa kama nyumba za mtaa, na aghalabu jirani mmoja hutengana na mwingine kwa nyuzi 2 au 3. Nyuzi 2 katika mzunguko huo ni umbali wa kilometa zipatazo 1,470, lakini tukitazama kutoka ardhini ni upana wa kidole kimoja hivi kilichonyooshwa mbele ya uso. Ungo uliopinda, au uliofungwa vibaya, humpigia kelele jirani, na mazungumzo ya watu walio nchi nyingine huharibika bila wao kujua chanzo.

Kwa sababu hiyo, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeweka kikomo kinachopendekezwa cha nguvu ya miale ya pembeni. Kikomo kinachotumiwa sana ni desibeli 29, kasoro mara 25 za logi ya pembe kutoka katikati ya mwale. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifanya hesabu hiyo. Kwenye pembe ya nyuzi 2, logi ya 2 ni 0.301, mara 25 ni 7.5, na 29 kutoa 7.5 ni desibeli 21.5. Kwa kuwa kila desibeli 10 ni kuzidisha mara kumi, desibeli 21.5 ni kama mara 140. Tukilinganisha na zile mara 42,000 za katikati, tunaona kwamba anayeishi nyuzi 2 kando anapaswa kusikia sauti iliyo dhaifu mara 300 kuliko ya mwale mkuu.

Hata uso wa ungo una neno lake. Ungo uliopigwa mawe na watoto, au uliobonyea wakati wa kusafirishwa, hauwezi kuyakusanya mawimbi yote mahali pamoja. Endapo mabonde na vilima vya uso wake vina wastani wa milimeta 1, basi kwa wimbi la sentimita 2.1 karibu asilimia 29 ya nguvu hutoka kwenye mwale mkuu. Kwa wimbi la sentimita 5, ungo ule ule ungepoteza asilimia 6 tu. Wimbi fupi halisamehi.

Njia za zamani za kupima

Kiwanda kinachotengeneza nyungo hupima baadhi yake kabla ya kuziuza. Njia ya kwanza ni kuweka chombo cha kutuma mawimbi juu ya mnara, kisha ungo unaopimwa ukazungushwa polepole mbele yake huku nguvu inayopokewa ikiandikwa. Umbali kati ya mnara na ungo hauchaguliwi ovyo. Mawimbi yatokayo kwenye chombo kidogo husambaa kama viwimbi vya maji vilivyorushiwa jiwe, yakiwa na umbo la mviringo. Ungo, hata hivyo, umetengenezwa kupokea mawimbi yaliyokuja kutoka mbali, ambayo mviringo wake umekuwa mkubwa mno hata yanaonekana kuwa bapa. Kanuni inayokubalika ni kwamba umbali huo usipungue mara mbili ya mraba wa kipenyo, gawanya kwa urefu wa wimbi.

Kwa ungo wa televisheni wa sentimita 90, umbali huo ni meta 65 hivi. Kwa ungo wetu wa meta 1.8 kwa masafa ya gigahezi 14, ni meta 300. Lakini kwa ungo wa meta 30 unaotumia wimbi la sentimita 5, ni kilometa 36. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi wake ni mnara gani ungefaa kwa kazi hiyo.

Nyungo kubwa za namna hiyo zimekuwapo Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Kituo cha Longonot, chini ya mlima wa jina hilo karibu na Naivasha nchini Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970. Kwa nyungo za ukubwa huo, wataalamu hutumia vitu vilivyo mbali angani kama jiwe la mizani: satelaiti yenyewe, jua, au nyota na mabaki ya nyota yanayotoa mawimbi ya redio ambayo nguvu yake imekwisha kupimwa. Wazee hawa wa vituo vya simu hawajatupwa wote. Nchini Ghana, ungo wa meta 32 wa Kuntunse uligeuzwa kuwa darubini ya redio na kuzinduliwa mwaka 2017.

Njia ya kutumia satelaiti ina gharama zake. Kupima ungo unaotuma mawimbi huhitaji kukodi nafasi kwenye satelaiti, kuwa na kituo cha pili kinachosikiliza, na kuugeuza ungo huku na huku wakati unatuma, jambo ambalo lenyewe laweza kumsumbua jirani. Isitoshe, satelaiti ipo sehemu moja tu, kwa hiyo mchoro unaopatikana huwa mistari michache, si picha kamili. Kwa sababu hizi nyungo nyingi ndogo zilizofungwa vijijini hazijapata kupimwa hata mara moja tangu zitoke kiwandani. Huelekezwa na fundi, hukubaliwa, na huachwa.

Jiwe la mizani linaloruka

Fikra ya kutumia ndege isiyo na rubani ni rahisi: ikiwa ungo hauwezi kupelekwa maabara, basi maabara na iende kwenye ungo. Katika muongo wa 2010 wataalamu wa Italia walitumia ndege hizo kupima antena za majaribio za darubini kubwa ya redio ya SKA. Mwaka 2017 kampuni changa iitwayo QuadSAT ilianzishwa katika mji wa Odense nchini Denmark kwa madhumuni ya kupima antena za satelaiti kwa njia hiyo, nayo imefanya kazi kwa msaada wa Shirika la Anga la Ulaya.

Mpangilio wake ni huu. Ndege yenye mapanga kadhaa hubeba chombo kidogo cha redio pamoja na antena ndogo ambayo sifa zake zimepimwa kwa uangalifu maabara. Chombo hicho chaweza kutuma mawimbi kama satelaiti, au kupokea yale yanayotumwa na ungo. Ndege huruka mbele ya ungo kwa njia iliyopangwa katika kompyuta, ikienda na kurudi mstari baada ya mstari kama mkulima apigaye matuta. Ungo wenyewe hausogezwi. Kila mara nguvu ya mawimbi inapopimwa, mahali pa ndege na wakati huandikwa pamoja nayo. Mwishoni kompyuta huunganisha maelfu ya vipimo hivyo na kuchora ramani ya mwale mkuu na miale ya pembeni.

Msomaji atauliza: je, ndege inayotikiswa na upepo yawezaje kuwa kipimo cha kuaminika? Jibu ni kwamba si lazima ndege itulie. Lililo lazima ni kujua ilikuwa wapi. Mizani yenye sahani inayocheza bado hutoa jibu sahihi ikiwa tunajua imecheza kiasi gani.

Lakini kujua huko kunahitaji usahihi mkubwa. Kipokezi cha kawaida cha GPS, kama kile kilichomo katika simu, chaweza kukosea meta 3 au zaidi. Kwa umbali wa meta 300, kosa la meta 3 ni pembe ya nyuzi 0.57, na mwale wetu mzima una upana wa nyuzi 0.8. Ingekuwa sawa na kupima kilo moja ya sukari kwa mizani ya magunia. Kwa hiyo hutumiwa mbinu ya vipokezi viwili. Kimoja huwekwa ardhini mahali panapojulikana na kingine huwa kwenye ndege. Makosa yanayoletwa na anga na saa za satelaiti huvipata vyote viwili kwa namna moja, na tunapotoa kimoja kwa kingine makosa hayo hufutana. Tena, vipokezi hivi hupima hadi vipande vya wimbi lenyewe la GPS, ambalo urefu wake ni sentimita 19. Hivyo kosa hupungua hadi sentimita 2 hivi, na kwa meta 300 hiyo ni pembe ya nyuzi 0.004 tu.

Yapo mengine ya kusahihisha. Ndege inapoinama kupambana na upepo, antena yake ndogo nayo huinama, kwa hiyo mwelekeo wake sharti upimwe. Mawimbi hugonga ardhi, mapaa na kuta, kisha hurudi na kuchanganyika na yale yaliyokuja moja kwa moja. Vyombo vya redio hubadilika kidogo vinapopata joto. Mtaalamu asiyeyahesabu hayo atachora ramani nzuri ya kosa lake mwenyewe.

Umuhimu wa njia hii umeongezeka kwa sababu ya antena za aina mpya. Huduma ya Starlink, ambayo ilianza nchini Kenya mwaka 2023, hutumia satelaiti nyingi zinazopita chini, kwenye mwinuko wa kilometa 550 hivi. Antena yake ni bapa, na huugeuza mwale wake kwa umeme ili kuifuata kila satelaiti inayopita. Antena ya namna hiyo haina mchoro mmoja. Kwa kila mwelekeo wa mwale ina mchoro wake. Jiwe la mizani linaloweza kusogea huku na huko angani linaifaa kuliko mnara uliosimama mahali pamoja.

Mipaka yake, na hali ya kwetu

Isidhaniwe kwamba njia hii hutatua kila tatizo. Tumeona kwamba ungo wa meta 30 unadai umbali wa kilometa 36, ambao ndege ndogo haiwezi kuufikia. Kwa nyungo kubwa hulazimu kupima karibu zaidi na kuisahihisha tofauti kwa hesabu ndefu, au kurudi kwenye nyota. Betri ya ndege nyingi za aina hii haizidishi nusu saa au zaidi kidogo. Mvua na upepo mkali huisimamisha kazi.

Kuna pia jambo ambalo linatuhusu sisi tunaoishi karibu na ikweta. Odense ipo nyuzi 55 kaskazini. Huko satelaiti za ikweta huonekana chini, kwenye pembe isiyozidi nyuzi 27 hivi. Ndege inayopima ungo kwa umbali wa meta 300 hupanda meta 135 tu. Buhigwe, kwa satelaiti ya nyuzi 7 mashariki, ndege hiyo ingepaswa kupanda meta 266, na kwa ile ya nyuzi 36 mashariki ingekwea hadi karibu meta 300 kamili. Tena, penye mwinuko wa meta 1,500 kutoka usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14, hivyo mapanga hulazimika kufanya kazi zaidi na betri huisha mapema. Chombo kilichofaa Ulaya hakiwezi kuletwa kwetu na kutumiwa vile vile bila kufikiri. Pengine ingefaa ungo uinamishwe kwa muda wa kipimo, pengine ndege ya namna nyingine ibuniwe. Hilo ni swali la uhandisi ambalo watu wa ikweta ndio wenye sababu ya kulijibu.

Ujuzi wa kurusha ndege hizi haupo mbali nasi. Kuanzia mwaka 2016 zilitumiwa kupiga picha za ramani ya Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kubeba dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, safari ya kilometa 60 kwa dakika 40. Anayeweza kuipeleka dawa Ukerewe anaweza kufundishwa kuizungushia ungo redio.

Mkoa wa Kigoma una haja yake ya pekee. Tangu miaka ya 1990 umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, na kambi kama Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo zimekuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya wilaya. Penye dharura, ungo wa satelaiti ni njia mojawapo ya haraka ya kuunganisha zahanati na hospitali. Ungo unaofungwa kwa haraka ndio unaohitaji zaidi kupimwa, na kwa kawaida ndio usiopimwa.

Lakini sheria na ifuatwe. Nchini Tanzania ndege hizi haziruhusiwi kurushwa ovyo. Huhitaji kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayosimamia. Katika wilaya ya mpakani kama Buhigwe hadhari hiyo ni kubwa zaidi, kwa maana mlinzi wa mpaka hawezi kujua kwa kutazama tu kama kinachoruka kinapima ungo au kinapeleleza.

Jaribio la shuleni

Shule isiyo na ndege wala vyombo vya redio inaweza kujifunza kanuni ile ile kwa kulitumia jua. Mara mbili kwa mwaka jua hupita nyuma ya satelaiti kama tuionavyo kutoka ardhini. Kwa Buhigwe na ungo wa televisheni uliolenga nyuzi 7 mashariki, hutokea karibu na tarehe 22 Machi, dakika chache kabla ya saa tisa alasiri, na karibu na tarehe 21 Septemba, mnamo saa nane na dakika 40 mchana. Kwa siku mbili tatu kabla na baada ya tarehe hizo, jua huingia kwenye mwale wa ungo kwa dakika zipatazo kumi, na kelele zake za redio zaweza kuikatakata picha.

Wanafunzi wafanye mambo mawili. Kwanza, katika muda huo waangalie kivuli. Ikiwa kivuli cha mti, ukuta au paa kinaangukia uso wa ungo, basi kitu hicho kinaziba njia ya satelaiti, na sababu ya picha mbaya imejulikana bila kumlipa fundi. Pili, waandike saa ambayo usumbufu unaanza na saa ambayo unakwisha, kisha watafute katikati yake. Jua huonekana kusogea nyuzi 1 kwa kila dakika 4. Mwalimu akikokotoa saa ambayo jua lilipaswa kuwa nyuma ya satelaiti, tofauti ya dakika 4 itamwonyesha kwamba mwale wa ungo umekosea kwa takriban nyuzi 1 katika upande ambao jua husafiri. Onyo: mtu yeyote asilitazame jua kwa macho, wala asiweke mkono au uso mbele ya ungo unaong'aa, kwa sababu mwanga wake waweza kukusanyika na kuunguza.

Katika jaribio hilo jua limekuwa ndiyo ndege na saa ya ukutani imekuwa ndiyo kompyuta. Tofauti ni kwamba jua hupita kwa njia moja, mara mbili kwa mwaka, ilhali ndege hupita pale inapotumwa, siku inapohitajika.

Shule niliyoitaja hapo juu haikukosa fedha wala ari. Ilikosa mtu wa kuuliza kama chombo chake kinasema kweli. Mkulima wa Manyovu hakubali mizani isiyokaguliwa, ijapokuwa haelewi namna ilivyotengenezwa. Walimu na wanafunzi wetu nao wawe na desturi hiyo hiyo kwa kila chombo kinacholetwa kijijini, kiwe cha kupimia kahawa au cha kuzungumza na satelaiti: kwanza wakikague, ndipo wakiamini.